Kama Hapo Juu

Mwalimu Kipriani aliipokea kadi ya kliniki kwa mikono miwili, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, kisha akaiweka mezani na kuisogeza kwa kidole mpaka ikarudi kwa mwenyewe.

"Hii haiingii," alisema.

Mwajabu alidhani hakusikia vizuri. Kadi ile ilikuwa na miaka saba na haikuwa na kunjo hata moja, kwa kuwa muda wote huo ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya kitabu kizito. Chanjo zote zilikuwa na tarehe. Uzito ulichorwa mwezi kwa mwezi mpaka mtoto alipotimiza miaka mitano, na katika miaka yake kumi na minne ya ukunga hakuwa ameona kina mama kumi waliofanya hivyo.

"Haiingii wapi, mwalimu?"

"Kwenye daftari langu. Soma muhuri."

Hakuwa na haja ya kuusoma. Aliugonga mwenyewe. Ulisema: Hospitali ya Kambi ya Nyarugusu, Wodi ya Wazazi.

"Watoto wa kambini wana shule zao," mwalimu aliendelea. "Wanasoma mtaala wa kwao Kongo. Hapa Nyakirezi, Kasulu Mjini, tunaandikisha watoto wa hapa."

"Mwanangu ni wa hapa. Mimi ni mkunga wa pale kambini. Uchungu ulinishika nikiwa zamu, nikajifungulia palepale nilipokuwa. Ungetaka nimzuie mpaka nifike mjini?"

Anifa, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni akining'iniza miguu, alimtazama mama yake, kisha akamtazama mwalimu, kama anayetaka kujua nani anaongoza.

"Sikatai, mama," alisema Mwalimu Kipriani. Alifungua droo akatoa bahasha ya kaki. "Mwaka juzi niliandikisha watoto watatu kwa maelezo mazuri kama hayo. Kumbe mfanyakazi mmoja wa shirika alichukua binti kambini amsaidie kazi za ndani, akamleta hapa akisema kamzaa. Wengine vivyo hivyo. Wakaguzi walipokuja, nani aliandikiwa barua? Si yule mfanyakazi. Hii hapa, jina langu, herufi kubwa."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Mwajabu zaidi. Kama angekuwa mbaya, Mwajabu angemshtaki kwa afisa elimu. Huyu alikuwa mtu wa karatasi, kama yeye.

"Unataka nini, ili niondoke?"

"Kopi ya ukurasa wa rejesta ya wazazi unaoonyesha kwamba ni wewe uliyejifungua siku hiyo, na wewe ni mwenyeji, si mkimbizi. Ithibitishwe na msimamizi wa wodi."

"Msimamizi wa wodi ni mimi."

Mwalimu Kipriani alifikiri kidogo. "Basi asiwe wewe."

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Nafasi zilikuwa tisini na themanini na tatu zilikwisha jazwa. Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na tano Novemba, mwaka 2013. Shule nyingine iliyokuwa karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori, kilomita nne kwa mguu, nayo ilikwisha funga orodha yake.

Hii ilikuwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia, Mwalimu Kipriani huyuhuyu alimrudisha Anifa kwa sababu Januari ingemkuta na miaka sita na nusu, na sheria ilisema saba. Mwajabu hakubisha, tarehe ilikuwa tarehe. Anifa akarudia chekechea, ambako alijua kila kitu, na sasa nyimbo za vidole na wanyama alikuwa akiziimba kwa dhihaka. Akikosa na mara hii, angeanza darasa la kwanza akiwa na miaka minane na nusu.

"Mama," Anifa aliuliza walipofika nje, "mimi ni mkimbizi?"

"Hapana."

"Sasa mbona amekataa?"

"Kwa sababu hajui. Tutamletea karatasi ajue."

Mumewe, Hilali, alikuwa afisa kilimo wa kata, mzaliwa wa Handeni, mtu aliyeamini kwamba kila tatizo la serikali lina mlango wa nyuma na kwamba ni ujinga kusimama mbele. Alisikiliza habari yote akimenya muwa.

"Kuna zahanati moja ya mtu binafsi," alisema. "Unakwenda, wanakuandikia kadi mpya. Amezaliwa hapo hapo, muhuri safi wa mjini. Dakika tano."

"Na chanjo?"

"Wananakili."

"Na mahali alipozaliwa?"

"Mwajabu, mtoto alizaliwa duniani. Mengine ni maandishi."

"Kadi niliyonayo ni ya kweli."

"Ni ya kweli, lakini ukweli wako una muhuri mbaya." Alitema kapi. "Nani anajali? Mji mzima huu watu wana kadi za kupika."

"Tusingekuwa tunazungumza haya kama tungekuwa na cheti cha kuzaliwa. Na cheti tungekuwa nacho kama tangazo la kizazi lisingelowa. Nani aliweka sanduku la karatasi juu ya lori lisilo na turubai, tulipohama Kibondo?"

"Hiyo ni habari ya 2009!"

"Tarehe tatu Aprili."

Hilali aliweka muwa chini. Kwa miaka tisa ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba mke wake akianza kutaja tarehe, mazungumzo yamekwisha.

Jumanne gari la shirika lilijaa magodoro na watu wa semina. Jumatano asubuhi Mwajabu alipata nafasi kwenye kiti cha nyuma, katikati ya maboksi ya glavu, akaingia kambini karibu na adhuhuri. Alikuwa likizo kwa wiki hiyo, kwa hiyo kila aliyekutana naye alimwuliza kwa nini amekuja, naye kila mmoja alimjibu kwa maneno machache zaidi kuliko aliyetangulia.

Louise alikuwa wodini akikunja mashuka. Alikuwa mkunga kutoka Fizi, mkimbizi tangu mwaka 1998, na mikono yake ndiyo iliyompokea Anifa.

"Mama shefu! Si uko mu likizo?"

"Nataka rejesta ya 2006. Ya Julai."

"Iko mu stoo. Kuna mchwa kule. Kuna kitu?"

"Shule hawataki kuamini kwamba Anifa ni mwanangu na kwamba mimi si mkimbizi."

Louise alicheka mpaka akakalia mashuka. "Weye? Mukimbizi? Ungekuwa mukimbizi ungepanga foleni ya unga kwa mustari ya rula!"

Stoo ilinuka karatasi ya zamani na dawa ya mchwa. Rejesta zilikuwa zimepangwa kwa mwaka, kwa mwezi, migongo ikitazama nje, kwa utaratibu ambao Mwajabu aliuweka mwenyewe na ambao wafanyakazi wote waliulalamikia. Alitoa ile ya jalada la kijani bila kutafuta. Alikuwa ametulia sasa. Alikuwa amefika mahali ambapo mambo huandikwa kama yalivyo. Wanafunzi wote waliopita mikononi mwake walitoka na sentensi moja vichwani, kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Aliwakataza hata kuanza jina kwa herufi ndogo.

Tarehe kumi na nne Julai, 2006. Mstari wa saba. Jina la mama: Mwajabu Saidi. Umri: ishirini na tisa. Anapoishi: nyumba za wafanyakazi. Mtoto: wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Mzalishaji: Louise.

Na kwenye safu ya hadhi, vikoma viwili.

Alivitazama. Ni vile vikoma vidogo ambavyo kila anayejaza rejesta huviweka anapochoka kurudia neno, navyo humaanisha kama hapo juu. Mstari wa sita ulikuwa na vikoma viwili. Wa tano, vikoma viwili. Alipanda kwa kidole mpaka kwenye mstari wa kwanza, ambako palikuwa na neno lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, ulioinama kidogo kulia: Mkimbizi.

"Nani alijaza hapa?" aliuliza, ingawa mwandiko aliujua.

"Njo weye," alisema Louise, akichungulia begani kwake. "Mi nilikuambia, lala, mama, acha nitaandika mi. Damu ingali inatoka. Ukasema hapana, Louise, mwandiko yako haisomeki. Ukaomba kalamu, mutoto kwa mukono ya kushoto." Kisha akashindwa kujizuia. "Haukuandika vibaya. Iko inasomeka muzuri sana."

Mwajabu hakucheka. Alikuwa anaangalia ukurasa mzima sasa. Mstari wa tisa: mama wa kijiji cha jirani, nje ya kambi, mkulima. Vikoma viwili. Alifungua ukurasa uliofuata. Mama mwingine wa kijiji kile kile, vikoma viwili. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kujifungulia kambini kwa sababu kulikuwa na daktari, jenereta na damu. Kila mtu alilijua hilo. Wodi ilikuwa na wakimbizi wengi kiasi kwamba mwandishi aliandika neno mara moja juu ya ukurasa na mkono ukateremka peke yake.

Katika mstari wa kumi na mbili alikuta jina la Ernesta.

Alimkumbuka. Ilikuwa mwaka 2012. Mwanamke mrefu, mwenye ndizi kichwani, alikuja kuomba barua kwamba mwanawe Renatus ni mtoto wa mwenyeji, maana shule ya kijijini kwao ilikuwa imemkataa. Mwajabu alimkalisha vizuri, akafungua rejesta hii hii, akaweka kidole juu ya vikoma hivi hivi, akamwambia kwa upole: mama, kitabu kinasema mkimbizi, na mimi siandiki kinyume cha kitabu. Ernesta alisema, sista, mimi nimezaliwa hapa, baba yangu kazikwa hapa. Mwajabu akamjibu kwamba anasikitika. Kisha akafunga rejesta na kuirudisha mahali pake, mgongo ukitazama nje.

Alitoka stoo akiwa ameikumbatia rejesta, akaenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi.

Daktari Abdalah alikuwa anakula mihogo ofisini. Alisikiliza, akafuta vidole, akaangalia ukurasa kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Mwajabu.

"Utasahihisha," alisema. "Utaratibu unaujua, wewe ndiye uliyetufundisha. Mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, neno sahihi juu yake, tarehe, sahihi yako, sahihi ya shahidi. Mzalishaji yupo, atatia sahihi. Mimi nitagonga muhuri."

"Asante, daktari. Gari linarudi saa kumi."

"Halirudi na wewe. Nikigonga muhuri kwenye mstari wa mwanao tu, huyo mwalimu atasema tumepika. Na atakuwa na haki. Mimi mwenyewe ningesema. Sahihisha kitabu chote."

"Kitabu chote ni miezi minne!"

"Basi ukianza sasa utamaliza kesho."

Alitaka kumwambia kwamba mtoto ana siku mbili, kwamba likizo ni yake, kwamba daktari mwenyewe hajawahi kujaza rejesta hata siku moja. Hakusema lolote kati ya hayo, kwa sababu moja mbaya: angekuwa yeye kwenye kiti kile, angetoa jibu lile lile.

Walikaa yeye na Louise mezani Jumatano mpaka giza, wakaendelea Alhamisi kutwa. Safu ya makazi ndiyo iliyoamua. Penye namba ya kanda na ya nyumba, alikuwa mkimbizi na vikoma vilibaki. Penye jina la kijiji, au nyumba za wafanyakazi kama pake, Louise alisoma kwa sauti, Mwajabu akapiga mstari, akaandika Mwenyeji kwa neno zima, wakatia sahihi. Kufikia mstari wa kumi mkono ulikuwa unamuuma kwa hasira zaidi kuliko kwa kazi.

"Makosa ya nani haya?" Louise aliuliza kila baada ya muda, kwa sauti ya mwanafunzi.

"Endelea kusoma."

"Nauliza tu, mama shefu. Ili nijifunze."

Walikuta watoto kumi na tisa. Kumi na tisa waliozaliwa wenyeji, wakaandikwa wakimbizi kwa vikoma, na mwandiko ulikuwa mmoja. Mwajabu aliandika idadi hiyo mwishoni mwa rejesta, akaweka tarehe. Kisha akaomba kopi mbili: moja ya ukurasa wa Anifa, moja ya ukurasa wa Ernesta. Mashine ilikuwa haina wino. Wino ulikuja Ijumaa saa nne asubuhi.

Gharibu, dereva, aliondoka kambini saa tano na nusu, akiwa na mikoba ya watu na jogoo mmoja asiye na mwenyewe. Kwenye kizuizi magari yote yalisimama kuandikwa, na kina mama wa vijijini waliyazunguka na ndizi. Mwajabu alichungulia, akafungua mlango.

"Sista, usiende mbali," alisema Gharibu. "Wakimaliza kuandika, naondoka."

Ernesta hakuwa amebadilika; alikuwa mrefu vilevile, beseni la ndizi kiunoni.

"Mwakeye, sista," alisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Unanikumbuka?"

"Nitakusahauje? Ulininyima barua."

"Nilikosea. Kitabu kilikosea, na aliyekijaza ni mimi." Alitoa kopi kwenye bahasha. "Tumekisahihisha. Hii hapa, ina muhuri wa daktari. Renatus ni mwenyeji. Mpelekee mwalimu, hawezi kukataa."

Ernesta aliitazama karatasi bila kuigusa. Kisha akatazama kushoto na kulia, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha magendo.

"Renatus yuko darasa la kwanza," alisema.

"La kwanza? Walimwandikisha kwa karatasi gani?"

"Baba yake alikwenda mjini, kuna zahanati wanatoa kadi. Wakaandika amezaliwa hapo, na mwaka mmoja wakamwongeza ili atimize saba. Haikuchukua hata muda wa kupika chai."

"Dakika tano," alisema Mwajabu.

"Kama hizo. Sasa sista, karatasi yako inasema kazaliwa kambini. Kadi yangu inasema kazaliwa mjini. Mwalimu akiziona zote mbili atamtoa mtoto. Rudisha hiyo kitu, unaniharibia." Aliisukuma bahasha kwa upole uleule ambao Mwajabu aliutumia mwaka 2012. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kinyongo, akaongeza kichane cha ndizi. "Hizi chukua bure. Pole kwa kuhangaika."

Njia nzima mpaka Kasulu Mwajabu alikaa na kopi mbili kwenye mapaja na ndizi miguuni. Barabara ilikuwa tope na Gharibu aliendesha kwa uangalifu ambao siku nyingine angemsifu. Alikuwa akihesabu. Watoto kumi na tisa, miaka saba. Wangapi walikuwa na mama mwenye rejesta mkononi, na siku tano za likizo, na gari? Wengine wote walikwenda kwa zile dakika tano, au hawakwenda kokote. Alitafuta katika hesabu hiyo mtu mwingine wa kumlaumu, akamkosa. Hata Hilali na turubai lake hakuwa na nafasi humo.

Aliingia uwanja wa shule saa nane na dakika thelathini na nane. Hilali na Anifa walikuwa kwenye foleni, wa pili kutoka mlangoni. Anifa alikuwa amevaa viatu vya Idi.

"Zimebaki tatu," alinong'ona Hilali. "Huyu mbele yetu, sisi, na mmoja nyuma yetu. Umepata?"

"Nimepata."

Hilali alivuta mfuko wa shati kidogo. Ndani kulikuwa na kona ya kadi mpya, nyeupe kama yai.

"Hilali!"

"Ya akiba tu. Akiikataa yako, natoa yangu."

"Akiona mbili anakataa zote. Nimetoka kuelezwa hilo na muuza ndizi. Ifiche."

"Muuza ndizi ana akili. Kwake mtoto anasoma?"

Jibu lilikuwa ndiyo, kwa hiyo Mwajabu alianza kumnyoosha Anifa kola.

Mwalimu Kipriani alisoma kopi akiwa amesimama. Alikwenda nayo dirishani, akaisogeza karibu na mwanga. Alihesabu masahihisho kwenye ukurasa: matatu. Aliangalia kama kila moja lina tarehe. Lilikuwa na tarehe.

"Hapa palikuwa pameandikwa mkimbizi."

"Kwa vikoma. Neno liko juu, mstari wa kwanza."

"Nani alifanya kosa hili?"

"Mimi."

"Na aliyesahihisha?"

"Mimi, mbele ya mzalishaji. Daktari kagonga muhuri. Tumesahihisha kitabu chote, watoto kumi na tisa. Ukitaka kukiona, kiko stoo, rafu ya pili."

Mwalimu Kipriani alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi. "Wiki hii nimeletewa kadi mpya kumi na moja," alisema. "Watoto wana miaka saba, kadi zina wiki moja. Hizo ndizo zinazonikosesha usingizi. Yenye makosa yaliyosahihishwa vizuri, sijaona hata moja." Hilali alikohoa, mkono ukiwa juu ya mfuko wa shati. "Namba themanini na tisa. Jina la mtoto?"

Alifungua daftari kubwa na kuandika polepole. Anifa Hilali. Wa kike. Tarehe kumi na nne Julai, 2006. Kalamu ikaingia safu ya mahali alipozaliwa. Mwajabu alikuwa upande wa pili wa meza lakini kusoma karatasi kichwa chini lilikuwa jambo alilolizoea. Juu kabisa ya safu paliandikwa Kasulu Mjini. Chini yake vilishuka vikoma, viwiliviwili, namba hadi namba. Mkono wa mwalimu ulikuwa umechoka. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nne, na mlangoni alikuwa amesimama mzazi wa mwisho. Mkono ukashuka peke yake. Vikoma viwili.

Ikawa imekwisha. Daftari la serikali lilisema Anifa alizaliwa Kasulu Mjini. Hakuna mkaguzi ambaye angeuliza tena, si darasa la nne, si la saba, si mahali pengine popote ambapo angekwenda na jina lile. Ule muhuri wa kambi ungebaki ndani ya mfuko wa nailoni. Na safari hii kosa halikuwa lake. Alihisi kiatu cha Hilali kikikanyaga chake, taratibu, kwa uzito wote. Naye alikuwa ameona.

Mwajabu aliangalia vile vikoma. Alimfikiria Ernesta akitazama kushoto na kulia kabla ya kusema mwanawe yuko darasa la kwanza.

"Mwalimu," alisema. "Hapo andika kwa maneno."

"Wapi?"

"Alipozaliwa. Umeweka kama hapo juu. Hakuzaliwa hapo juu."

Hilali alitoa sauti ndogo, kama tairi iliyochomwa na mwiba.

Mwalimu Kipriani aliinamia daftari. Aliona. Masikio yake yalibadilika rangi. Kwa muda ilionekana kama angefunga daftari, na saa ya ukutani ilikuwa upande wake. Kisha akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya vikoma viwili, akaandika juu yake kwa herufi ndogo sana, maana nafasi ilikuwa finyu: Kambi ya Nyarugusu, mama mkunga. Akaweka tarehe na sahihi. Akaligeuza daftari, akamkabidhi kalamu.

"Shahidi," alisema kwa ukali.

Mwajabu alitia sahihi.

"Januari, siku ya kufungua. Aje na ufagio na dumu la maji. Mwingine!"

Walivuka uwanja. Anifa alitangulia, akikwepa madimbwi kwa sababu ya viatu. Getini Hilali alishindwa kuvumilia.

"Vilikuwa vikoma viwili tu, Mwajabu. Viwili!"

"Najua vilikuwa vingapi," alisema Mwajabu, na kumnyooshea mkono. "Lete hiyo kadi."